Susu lililoachia siku ya tisa: uchambuzi wa kisa cha chungu cha ua, Dodoma

Kisa hiki ni cha kweli. Majina, mtaa na chochote kinachoweza kuwatambulisha wahusika nimeviondoa, na wote wawili wamekubali kiandikwe. Mmoja nitamwita fundi: binti wa miaka ya ishirini na kitu aliyekuwa akijifunza makrame, yaani ufumaji wa kamba kwa mafundo, kwangu kwa mwezi wa tatu. Mwingine nitamwita mteja: mama mtu mzima, mwenye nyumba yenye baraza pana upande wa mashariki wa jiji. Mimi ndiye mwalimu, na sehemu ya kosa ni yangu, kama itakavyoonekana.

Usuli

Mteja alikuwa na mmea wa kutambaa wa aina ya pothosi, ule wenye majani ya umbo la moyo yaliyochanganya kijani na njano. Ulikaa sakafuni barazani kwenye chungu cha udongo. Kuku waliufukua, lakini hilo alilivumilia. Asichoweza kukivumilia ni mjukuu wake wa mwaka mmoja na miezi kadhaa, aliyeanza kuokota udongo wa chunguni na kuutia mdomoni, kisha akahamia kwenye majani. Majani ya pothosi yana chembe kali zinazowasha mdomo na koo vibaya, na mama huyu aliligundua hilo kwa kilio cha mtoto. Hakutaka kuutupa mmea, kwa kuwa aliletewa na marehemu dada yake. Akataka upande juu.

Kutundika chombo kwa wavu wa kamba ili kisifikiwe si jambo geni kwetu. Bibi zetu waliliita susu. Lilining'inia juu jikoni na kubeba chakula kisifikiwe na panya wala paka. Makrame ya siku hizi, pamoja na urembo wake wote, yanapofika kwenye chungu cha ua yanarudi kwenye kazi ileile: mikono ya kamba, wavu chini, mzigo ndani. Kwa hiyo humu nitatumia neno susu.

Ilikuwa Julai. Anayeijua Dodoma anajua Julai yake: hakuna mvua, asubuhi ni ya baridi kavu, na upepo unaanza saa nne na kupeperusha vumbi mpaka jioni. Upepo huo una nafasi yake katika kisa hiki.

Jinsi mambo yalivyokwenda

Fundi alikwenda kuona baraza, akapima kwa macho, akarudi na mpango. Alichagua kamba ya manila nyeupe ya unene wa milimita 4 kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Sababu zake zilikuwa tatu, na zote zilikuwa na akili: haiozi kwa maji, ni imara, na inang'aa vizuri. Alinunua mita 24.

Urefu wa vipande aliutoa kwenye video aliyoiona kwenye simu. Mfumaji wa kwenye video alikata vipande vinane vya futi 10 kila kimoja. Futi 10 ni kama mita 3, naye akakata vinane vya mita 3. Ukivikunja katikati na kuvipitisha kwenye pete ya kutundikia unapata ncha 16, unazigawa makundi manne ya ncha nne nne, na kila kundi ni mkono mmoja wa susu.

Katika kila mkono, ncha mbili za katikati hukaa tuli na mbili za pembeni ndizo zinazofunga. Ya kushoto inapita juu ya zile za katikati na chini ya ile ya kulia. Ya kulia inapita nyuma na kutokea kwenye tanzi la kushoto, unakaza. Kisha unarudia kwa kuanzia kulia. Hilo ndilo fundo bapa. Fundi analifunga vizuri sana, mkono wake una kipimo.

Mikono ya kwenye video ilikuwa mifupi, kama kiganja na kidogo zaidi. Mteja alitaka mikono mirefu iliyosukwa, na fundi akaisuka hadi sentimita 35. Alipofika mwisho wa mkono wa kwanza, ncha za pembeni zilikuwa zimebaki na sentimita kumi hivi, na kazi ya wavu ilikuwa bado haijaanza. Ncha za katikati zilikuwa bado zina zaidi ya mita moja. Hakunipigia. Alinunua kamba zaidi, akaunga ncha zote nane za pembeni kwa fundo la kawaida, akaendelea na wavu.

Aliponiletea nikaliangalia. Nikaona mafundo ya kuungia, nikamwambia, "Hivi vimkia vinaharibu sura, vipunguze." Akavikata vikabaki kama sentimita moja. Tukalijaribu kwa kutia ndani chungu cha plastiki kilichokuwa darasani kwangu, chenye udongo mkavu. Likakaa sawa, halikuinama. Nikalipitisha.

Siku ya kutundika, kijana wa jirani alikuja na drili akataka kutoboa dari ya barazani, ambayo ni jipsamu. Fundi alikataa. Alimwomba apande atafute mbao ya paa inayopita juu yake, na ndoano ikafungwa kwenye mbao. Mteja akapanda ngazi, akaweka chungu chake mwenyewe. Kila mtu akafurahi.

Siku ya tisa, alasiri, upepo ukiwa mkali, chungu kilianguka kwenye sakafu ya saruji na kupasuka. Mtoto alikuwa amelala ndani. Mteja alimpigia fundi, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Mwanangu, njoo uone kabla sijafagia."

Tulichokikuta

Tulifika kabla ya magharibi. Namshukuru mama yule kwa kutofagia, maana vipande vilitusimulia kila kitu.

Pete ilikuwa juu, nzima. Ndoano ilikuwa kwenye mbao, haikulegea hata robo mzunguko. Mikono minne iliyosukwa ilikuwa mizima. Hakuna kamba iliyokatika, hata uzi mmoja. Kijana wa jirani alisema ni ndoano, fundi alisema ni jua limechoma kamba, nami kabla ya kugusa nilidhani fundo la chini kabisa limefunguka. Sote tulikosea. Kati ya mafundo manane ya kuungia, matatu yalikuwa yameteleza yakaachia kabisa, na mawili yalikuwa na vimkia vya milimita chache tu, yako njiani. Yote matano yalikuwa upande mmoja. Wavu ulifunguka upande huo kama mdomo, chungu kikapitia hapo.

Tukachukua mizani ya duka la jirani. Tulikusanya udongo na vigae kwenye ndoo, tukatoa uzito wa ndoo, ikasoma kilo 6.8. Asubuhi ile mteja alikuwa amemwagilia karibu lita moja, na lita moja ya maji ni kilo moja. Kesho yake nilipima chungu changu cha plastiki kile cha majaribio, na udongo wake mkavu. Kilo 1.6.

Yaani tulijaribu susu kwa chini ya robo ya mzigo wake. Sikulala vizuri usiku ule. Nilikuwa nawaza yule mtoto, na saa ambayo angekuwa amekaa pale chini.

Maamuzi baada ya hapo

Fundi alitaka kurudisha fedha na kuacha kabisa kazi za kutundika. Mteja alikataa fedha. Alisema anachotaka ni susu, na zaidi ya hapo anataka kuelezwa kwa nini la kwanza liliachia, asijekuwa anaogopa kupita barazani kwake. Nadhani ombi hilo la kuelezwa ndilo lililotufanya tufanye kazi ya pili kwa uangalifu ule.

Tuliamua hivi. Kwanza, kamba. Uzi mnene wa pamba ndio unaopendwa zaidi kwa makrame, ni laini na unashika fundo, lakini siku zile hatukuupata wa unene tuliotaka. Tulipata katani ya milimita 5 sokoni Majengo. Katani, nyuzi za mkonge wetu, inakwaruza mikono na kupukutisha vijinyuzi, lakini ukiifunga inajing'ang'ania yenyewe. Manila ya madukani kwetu ni plastiki, uso wake ni laini kama kioo, na fundo jepesi juu yake hutambaa kidogo kidogo kila linapotikiswa.

Pili, kipimo. Safari hii hatukukopa futi za mtu. Fundi alisuka sentimita 10 za mafundo bapa, akazifungua, akapima kamba ya pembeni: ilikuwa imekula sentimita 41. Mara nne na kidogo. Ncha ya katikati ilikuwa imekula zilezile 10. Kutokana na hapo hesabu ikaja yenyewe. Mikono ya sentimita 30, wavu wa 39 hadi chini ya chungu, shada la 20, yaani ncha zinazoning'inia chini ya fundo la mwisho, na kidogo kwa ajili ya pete. Tukakata vipande vinne virefu vya mita 4.5 kwa kufunga na vinne vifupi vya mita 2.5 kwa katikati. Jumla mita 28, bila kiungo hata kimoja.

Tatu, chungu chenyewe. Mmea, au tuseme vikonyo vilivyonusurika, vilipandwa kwenye chungu cha plastiki chenye matundu, udongo ukachanganywa na pumba za mpunga na mkaa uliopondwa ili uwe mwepesi na upitishe maji. Kikiwa kimelowa chapachapa kilisoma kilo 3.9.

Nne, wavu ulifumwa juu ya chungu chenyewe. Tulikipindua juu ya kigoda tukafuma tukikizunguka. Mdomo wake ulikuwa sentimita 22, kwa hiyo mzunguko wake ni kama 69, na mikono minne ikatengana kwa sentimita 17 hivi. Kila fundo la wavu huchukua ncha mbili za mkono mmoja na mbili za mkono wa jirani. Likikaa juu mno chungu hakiingii, likishuka mno chungu kinalala upande. Ukiwa na chungu mbele yako huhitaji kukisia.

Katani tuliilowesha kidogo kwa kitambaa ili isikate vidole, ilipokauka tukarudi fundo kwa fundo kukaza tena. Hatua hiyo ya kukaza isirukwe: nyuzi za asili huvimba zikilowa na kupungua zikikauka, na fundo lililokazwa likiwa bichi linaweza kulegea likikauka.

Mwisho tukalijaribu. Tulipima kiroba cha mchanga kilo 14, mara mbili ya mzigo wa zamani, tukakitia kwenye wavu, tukakitundika kwenye mwembe wa uani kwangu kwa siku mbili, futi moja kutoka ardhini, kwenye upepo. Susu lilirefuka sentimita tatu. Mkono mmoja ulirefuka kuliko mingine, na fundi akaurekebisha. Baada ya hapo ndipo likaenda kwa mteja.

Uchambuzi

Nianze na kilichofanya kazi, maana kiliokoa zaidi ya tulivyojua siku ile. Uamuzi wa fundi kukataa dari ya jipsamu ulikuwa sahihi kabisa. Jipsamu ni bao jembamba la jasi na karatasi. Skrubu iliyoingia humo pekee, hata ikiwa na fisha, kile kiplastiki cha kushikia skrubu, haifai kubebeshwa kilo saba zinazobembea. Kama ndoano ingekuwa kwenye dari, chungu kingeshuka siku ya kwanza au ya pili, na tungesema tatizo ni dari, tukafunga lilelile susu mahali pengine. Mbao ilituonyesha kosa lilipo.

Pia mteja kuhifadhi vipande, na fundi kwenda saa ileile. Hatua hizo mbili hazikugharimu chochote.

Sasa kosa. Ni rahisi kusema "kamba mbaya", na wengi niliowasimulia kisa hiki wanaishia hapo. Mimi sikubaliani. Manila ile ilikuwa na nguvu kuliko mzigo kwa mbali sana. Kilo 6.8 zikigawanywa kwa mikono minne ni kilo 1.7 kila mmoja, mzigo ambao hata uzi wa fundi mwashi ungeubeba. Mikono iliyosukwa kwa manila hiyohiyo haikusogea hata kidogo, kwa sababu mafundo mengi yaliyofuatana yanabanana. Kilichoshindwa ni fundo moja moja la kuungia, lenye vimkia vifupi, kwenye kamba telezi, mahali pa mzigo, likitikiswa na upepo siku tisa. Ondoa lolote kati ya hayo na pengine susu lingedumu. Vimkia vingeachwa sentimita tano, kuteleza kungechukua muda mrefu zaidi na tungeuona wavu ukilala kabla ya kuanguka. Na aliyeagiza vikatwe ni mimi. Nilikuwa natazama urembo kwenye sehemu ambayo haikupaswa kutazamwa kwa urembo.

Wapo watakaosema angeziunguza ncha za manila kwa kiberiti. Kuunguza huzuia kamba isichanuke, ni jambo jema, lakini lile donge dogo la plastiki si la kutegemewa kuzuia fundo lisipite.

Jambo linaloniuma zaidi ni hili. Kiungo hakikuhitajika kabisa. Hata kwa vipande vilevile vya mita 3, susu lilelile la mikono ya sentimita 35 lingekamilika. Ncha moja ilikuwa na mita 1.5. Za pembeni zilikula karibu 140, za katikati 35 tu. Kama fundi angesimama katikati ya mkono, kwenye sentimita 17 na nusu, akazitoa ncha za katikati nje na kuziingiza za pembeni ndani, kila ncha ingekula kama 87, na kubakiwa na zaidi ya nusu mita. Wavu unahitaji 39. Kubadilishana huko hakuonekani kwa mtazamaji, na kunachukua dakika moja kwa mkono. Sikuwa nimemfundisha. Nilikuwa nimepanga kulifundisha mwezi wa nne, baada ya mitindo ya urembo. Sasa nalifundisha wiki ya kwanza, siku ileile mwanafunzi anapojua fundo bapa.

Kuhusu jaribio: tatizo halikuwa kwamba hatukujaribu, bali jaribio lilitupa utulivu tusioustahili. Chungu chepesi chenye udongo mkavu, ndani ya chumba kisicho na upepo, kwa dakika kumi. Chungu cha mteja hatukukiona kikipimwa kwa sababu alikuwa nacho nyumbani, na hakuna aliyeona haja ya kukifuata. Swali "chungu chako kina kilo ngapi kikiwa kimelowa?" lingetosha. Mteja hajui jibu, ndiyo, lakini kutojua kwake kungetupeleka kwenye mizani.

Kuna ambalo sikulitatua. Fundi alikwama akiwa peke yake na hakunipigia. Nilipomuuliza alisema, "Mwalimu, niliona ni kosa langu la kukata, nikaona nilimalize mwenyewe." Darasa langu lilikuwa limemfundisha kwamba kuishiwa kamba ni aibu. Tangu hapo naanza kwa kuwakatia wanafunzi kamba fupi makusudi, ili waishiwe mbele yangu. Wengine bado wanaficha.

Matokeo

Susu la pili lilitundikwa mwishoni mwa Agosti kwenye ndoano ileile. Mahali palibadilika kidogo kwa namna nyingine: mteja alipanga mawe na vyungu vyake vingine chini yake, ili mtoto asiweze kusimama pale hata akitaka. Chungu hushushwa kumwagiliwa, huachwa kichuruzike kwenye karai, ndipo kinarudi juu.

Nililikagua Novemba, kabla ya mvua, na tena Mei. Mikono iko imara, imefifia rangi upande wa jua. Vijinyuzi vya katani vinaendelea kupukutika na mteja analalamika juu ya kufagia. Mmea umerudi, ingawa si wingi wa zamani. Tatizo lililobaki ni fundo la chini linalokusanya ncha zote 16. Licha ya kuchuruzisha, unyevu hushukia hapo. Maji yetu yana chumvi, na inapokauka huacha ganda jeupe kwenye katani. Mwezi Mei nililiminya fundo hilo nikasikia nyuzi za nje zikikatika kama majani makavu. Za ndani zilikuwa bado nzima.

Tumekubaliana na mteja kwamba fundi atalifungua kila mwaka kabla ya mvua na kulifunga upya juu kidogo, ili sehemu iliyochoka isibebe mzigo. Fundi ameweka tarehe kwenye simu yake.